Mwongozo Kamili: Kubadilisha Valvu na Kupanga Bayasi ya Ampu ya Gitaa kwa Umeme wa Nairobi

Wenye ampu za valvu, yaani vikuza-sauti vya gitaa vinavyotumia mirija ya kioo, hapa Nairobi huja na lalamiko lile lile. Wamezingoja valvu mpya kwa majuma, wamezilipia pamoja na ushuru wake, wamezichomeka kwa kufuata maelezo waliyoyapata, na kabla mwezi haujaisha sauti imechujuka, valvu moja imewiva nyekundu, au fyuzi inakatika kila wanapowasha. Ninapozikagua ampu hizo, mara nyingi nakuta valvu hazina kosa. Kosa limetangulia, nalo liko kwenye umeme unaoingia, kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yaliandikiwa watu wa nchi zenye umeme wa volti 120, na hayamwambii msomaji apime ukuta wake kabla ya kupima valvu zake.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ukutani. Unamhusu mtu mwenye ampu aliyoiagiza kutoka nje, iwe ya kampuni kubwa au ya fundi mmoja anayeunda kwa oda, na anayetaka kubadilisha valvu za nguvu, zile kubwa zinazoendesha spika, bila kuiharibu ampu wala kujiumiza.

## Mpaka wa kazi hii

Ndani ya sanduku la chuma la ampu ya valvu huweza kuwa na volti 400 na zaidi za mkondo mnyoofu, na kapasita zake huweza kuzihifadhi volti hizo hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme wa kiasi hicho unaua.

Kwa sababu hiyo, hatua zilizo hapa hazihitaji kufungua sanduku hilo. Zinafaa kwa ampu ambayo skrubu yake ya bayasi, ile inayopanga mkondo wa valvu za nguvu ampu ikiwa kimya, inafikika kutoka nje, kwa kawaida nyuma au chini, karibu na soketi za valvu. Ikiwa skrubu ya ampu yako imefichwa ndani, fanya hatua ya 1 hadi ya 6 mwenyewe, kisha mpelekee ampu na vipimo vyako fundi aliyezoea vifaa vya volti kubwa. Utakuwa umemrahisishia nusu ya kazi.

## Vifaa vinavyohitajika

Usianze kabla ya kuwa na vitu hivi vyote mezani:

- Maltimita ya dijitali inayopima hadi volti 600 au zaidi, na inayosoma pia milivolti.
- Mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, inayoonyesha volti kwa tarakimu.
- Probu ya bayasi, yaani soketi ya kati inayokaa baina ya valvu na soketi yake. Kama ampu ina valvu mbili za nguvu, probu mbili zitakuokolea muda. Kama ampu ina vitundu vya kupimia kwa nje, hutaihitaji.
- Valvu mpya za nguvu ambazo muuzaji amezilinganisha ili zivute mkondo sawa, mbili au nne kulingana na ampu.
- Spika yenye omu zinazolingana na tundu la ampu.
- Fyuzi za akiba za kipimo kilichoandikwa nyuma ya ampu.
- Bisibisi ndogo yenye mpini wa plastiki, kitambaa kikavu, tochi, penseli, kikokotoo na daftari.

Maltimita, fyuzi na plagi utazipata Luthuli Avenue bila kuzunguka sana. Valvu kwa kawaida utaziagiza, na hapo nashauri ununue seti mbili kwa mkupuo, kwa kuwa gharama ya kusafirisha seti ya pili peke yake baadaye huwa chungu.

Msisitizo juu ya valvu zilizolinganishwa una sababu yake. Katika ampu yenye valvu zinazofanya kazi kwa jozi, mikondo ya pande mbili hupita kwenye transfoma ya kutolea sauti kwa njia inayobatilishana. Upande mmoja ukivuta zaidi ya mwingine, mngurumo unaongezeka na kiini cha transfoma kinashiba mapema, na noti za chini zinapoteza uthabiti.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko cha nyuma

Tafuta mambo matatu: volti, masafa, na nguvu inayovutwa kwa wati. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Wa Marekani ni volti 120 na hezi 60.

Ikiwa kibandiko kinasema 120 pekee, ampu hiyo haitakiwi kuguswa na soketi ya ukutani hata kwa sekunde moja. Kila volti ndani yake itakuwa maradufu: nyuzi za kupasha joto valvu, zilizoundwa kwa volti 6.3, zitapata zaidi ya 12, na kapasita zitapewa mzigo zisioweza kuubeba. Fyuzi sahihi ikiwemo, huenda ikakatika kwa wakati. Mtu akiwa ameibadilisha kwa fyuzi kubwa, transfoma ndiyo itakayoungua.

Ikiwa kuna swichi ya kuchagua volti, hakikisha iko kwenye 230 au 240, kisha angalia fyuzi. Ampu ikihamishwa kutoka 120 kwenda 240, mkondo inaouvuta unapungua kwa nusu, hivyo fyuzi ya ampea 2 inatakiwa kuwa ya ampea 1. Watu wengi huzungusha swichi na kuisahau fyuzi, na kwa kufanya hivyo wanabaki na ulinzi hafifu. Herufi T mbele ya namba ina maana kwamba fyuzi ni ya kuchelewa kukatika. Usiweke yenye herufi F mahali pake, kwa sababu itakatika kila unapowasha.

Tazama pia fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya miguu mitatu. Mara nyingi plagi huuzwa ikiwa na fyuzi ya ampea 13, inayofaa birika la umeme au pasi. Kwa ampu ya gitaa, ya ampea 3 au 5 inatosha.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika daftarini volti, masafa, wati na aina ya fyuzi, na fyuzi iliyomo inalingana na maandishi.

## Hatua ya 2: Pima umeme wa ukutani

Chomeka ile mita ndogo kwenye soketi utakayoitumia, usome volti, uandike saa. Rudia mara tatu kwa siku moja: asubuhi, jioni mtaa mzima unapopika, na usiku watu wanapolala. Katika nyumba nyingi namba hizo hazitafanana.

Usitumbukize ncha za maltimita kwenye soketi ya ukutani. Soketi zetu zina vilango vya ndani vinavyofunguliwa na mguu mrefu wa plagi, na ile desturi ya kuvifungua kwa kalamu au bisibisi ili kitu kingine kiingie ni hatari ambayo tumeizoea mno. Mita ya kuchomeka inatoa jibu lile lile bila kukuweka karibu na chuma chenye umeme.

Kwa nini kipimo hiki ni muhimu kiasi hiki? Ampu nyingi za valvu hazina kifaa cha ndani cha kutuliza volti. Umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 5, volti zinazofika kwenye anodi, lile bamba la chuma ndani ya kioo cha valvu, nazo hupanda kwa takriban asilimia 5. Bayasi nayo huongezeka kiasi, lakini mara nyingi haitoshi kufidia yote, na valvu inavuta mkondo mwingi zaidi kwa volti nyingi zaidi.

Nilijifunza hili kwa hasara. Niliwahi kupanga bayasi ya ampu moja alasiri, ukuta ukisoma volti 228, na nikairidhia kabisa. Usiku ilipowashwa ukumbini kwenye volti 250, valvu mbili ziliwiva nyekundu kabla ya wimbo wa tatu. Tofauti ya volti 22 ukutani ilikuwa karibu asilimia 10, na mimi nilikuwa nimepanga bayasi bila kuacha nafasi yoyote.

Kama namba zako zinatofautiana sana, zingatia stabilaiza yenye uwezo unaozidi wati za ampu. Usiichanganye na kile kifaa cha kulindia friji au runinga: hicho hukata umeme volti zikizidi au zikipungua mno, kisha hurudisha baada ya muda. Kinafaa kwa ulinzi, ila hakitulizi chochote. Na ukipiga kwenye harusi au mkutano wa hadhara unaotegemea jenereta, chomeka mita kwanza, usome kwa dakika kadhaa, ndipo ulete ampu.

Utajua umefaulu ukiwa na namba tatu daftarini. Ile kubwa zaidi ndiyo utakayoitumia kwenye hesabu.

## Hatua ya 3: Kwa ampu ya volti 120, kagua transfoma ya kupunguza

Asiye na ampu ya volti 120 aende hatua ya 4.

Transfoma ya kupunguza iliyoandikwa 220 kwa 110 na ile ya 240 kwa 120 zinafanya kazi moja, kwa sababu zote mbili zinagawanya volti kwa mbili. Ukuta ukiwa 250, ampu itapata 125. Linalotofautisha transfoma nzuri na mbaya ni uwezo na waya wa ardhi.

Kuhusu uwezo, chukua wati zilizoandikwa nyuma ya ampu, uzizidishe mara moja na nusu angalau. Ampu inayovuta wati 180 inahitaji transfoma ya 300. Usidanganywe na wati za sauti: ampu inayoitwa ya wati 50 huvuta zaidi ya hizo ukutani, kwani sehemu kubwa ya umeme inaishia kwenye joto la valvu. Vile vibadilishaji vyepesi vya wasafiri, vinavyouzwa kwa ajili ya mashine za kukaushia nywele, havifai hata kidogo, kwa maana vinakatakata wimbi la umeme badala ya kulipunguza.

Kuhusu masafa, transfoma ya kupunguza haibadilishi hezi. Kibandiko kikisema 50/60, hakuna tatizo. Kikisema 60 pekee, transfoma ya ampu itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa, na ni busara kumwandikia mtengenezaji umuulize kabla ya kuiwasha hapa.

## Hatua ya 4: Hakikisha waya wa ardhi haujakatika

Nawaomba wasomaji wasiiruke hatua hii. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa kwa waya na sanduku la chuma la ampu, na mpigaji anazishika kwa mikono yote miwili. Ikiwa waya wa ardhi umekatika mahali popote, kisha hitilafu itokee ndani ya ampu, umeme utatafuta njia kupitia kwake. Nimemwona mpiga gitaa wa kanisa akirushwa nyuma midomo yake ilipogusa maikrofoni huku vidole vikiwa kwenye nyuzi. Transfoma yao ya kupunguza ilikuwa na soketi ya matundu mawili tu. Alipona, lakini hakupiga tena mwaka ule.

Chomoa kila kitu ukutani. Weka maltimita kwenye omu. Gusisha ncha moja kwenye mguu mrefu wa plagi inayoingia ukutani, na nyingine kwenye chuma tupu cha ampu, kama vile nati ya tundu la gitaa. Njia nzima inapaswa kuunganishwa kama utakavyoitumia: waya wa kurefushia, transfoma ya kupunguza kama ipo, hadi ampu.

Utajua umefaulu maltimita ikisoma chini ya omu 1. Ikionyesha kwamba hakuna muunganisho, ondoa kifaa kimoja baada ya kingine hadi umpate mkosaji, na usiwashe chochote kabla ya hapo.

Wapo wanaokata mguu wa ardhi wa plagi ili mngurumo upungue. Mngurumo huo utibiwe kwenye kebo, kwenye gitaa au kwenye mpangilio wa soketi za jukwaa. Mguu wa ardhi usiguswe.

## Hatua ya 5: Hakikisha tatizo ni la valvu

Badilisha kebo, kisha gitaa. Gitaa la oda lililowekwa pikapu mpya (kinasa-sauti cha nyuzi) likiwa na kiungo kibovu cha lehemu hutoa sauti dhaifu na mikwaruzo inayofanana kabisa na ya valvu iliyochoka.

Kisha tazama valvu kwa tochi, ampu ikiwa imezimwa na imepoa. Ile rangi ya fedha ndani ya kioo, mara nyingi kileleni, ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Valvu ndogo za mwanzo, zinazoitwa 12AX7 au ECC83 (ni valvu moja yenye majina mawili), hupimwa kwa kuzigonga polepole na penseli ampu ikiwa imewashwa; inayolia kengele kwenye spika ibadilishwe. Hizo hazihitaji kupangiwa bayasi.

## Hatua ya 6: Tambua aina ya bayasi na ukokotoe lengo lako

Bayasi ni kile kinachoizuia valvu ya nguvu isipitishe mkondo mwingi wakati hakuna anayepiga. Ifikirie kama injini ya gari iliyowashwa gari likiwa limesimama. Ikinguruma kwa nguvu mno inapata joto na kula mafuta bure. Ikinguruma kwa unyonge mno inasitasita unapokanyaga.

Ampu nyingine hujipangia zenyewe kwa rezista iliyo kwenye kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Vox AC30 yenye valvu nne za EL84 na Fender Champ yenye 6V6 moja ni za namna hiyo. Kwazo unachomeka valvu mpya na kwenda hatua ya 8 na ya 9 tu. Nyingine zina bayasi isiyojibadilisha yenyewe, inayopangwa kwa skrubu. Fender Twin Reverb yenye 6L6 nne na Deluxe Reverb yenye 6V6 mbili ni mifano. Mwongozo wa mtengenezaji utakuambia yako ni ipi, na kwa ampu ya oda, muulize aliyeiunda.

Kila valvu ina kikomo cha joto ambalo anodi yake inaweza kulitoa:

- EL34: wati 25
- 6L6GC: wati 30
- 6V6GT: wati 12

Kanuni iliyozoeleka ni kutozidisha asilimia 70 ya kikomo hicho ampu ikiwa kimya. Kwa umeme wetu, mimi nashauri kati ya asilimia 60 na 65, na hesabu ifanywe kwa volti za juu kabisa ulizoziandika. Asilimia 70 ni sawa kwa mtu ambaye ukuta wake hautikisiki.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme ampu yako ya EL34 ina volti 440 kwenye anodi ukuta ukiwa 240, kwa mujibu wa mchoro wa mtengenezaji, na namba yako kubwa ya ukutani ni 252. Zidisha 440 kwa 252, ugawanye kwa 240: unapata volti 462. Asilimia 65 ya wati 25 ni wati 16.25. Gawanya kwa 462, unapata ampea 0.035, yaani miliampea 35 kwa kila valvu. Asilimia 60 inakupa takriban 32. Lengo lako liko hapo katikati.

Linganisha na mtu aliyepanga kwa asilimia 70 ukuta ukiwa 228. Anodi yake ina volti 418, na hesabu inamruhusu miliampea 42. Amefuata kanuni bila kukosea, na bado usiku valvu zake zitavuka kikomo alichojiwekea.

Probu nyingine zinapima volti za anodi pia. Ukiwa na ya namna hiyo, tumia kipimo chake badala ya mchoro, lakini usiache kuzidisha kwa uwiano wa ukuta. Kumbuka pia kwamba probu inapima mkondo wa kathodi, ambao ndani yake umo mkondo kidogo wa skrini, gridi nyingine iliyo ndani ya valvu. Anodi inapata kidogo kuliko unachokisoma, na kosa hilo liko upande wa usalama.

Usishuke chini ya asilimia 50. Hapo valvu zinapokezana wimbi kwa kuchelewa, na noti za taratibu zinatoka zikiwa na ukwaruzo mkavu usiopendeza. Mpiga benga anayetaka sauti safi inayokata, isiyovunjika anapokimbiza vidole juu ya shingo, atatosheka vizuri na asilimia 60. Anayependa sauti inayovunjika mapema asogee kwenye 65.

## Hatua ya 7: Punguza mkondo ukiwa bado na valvu za zamani

Maelezo mengi yanakuambia uzungushe skrubu hadi upande wa baridi kabisa, yaani wa mkondo mdogo, kabla ya kuweka valvu mpya, lakini hayakuambii upande huo ni upi. Katika ampu nyingine ni kulia, katika nyingine ni kushoto. Valvu za zamani ndizo zitakazokuonyesha.

1. Ampu ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa, toa valvu za zamani, weka probu kwenye soketi, kisha rudisha valvu juu ya probu.
2. Unganisha spika. Ampu ya valvu isiwashwe kamwe bila spika, kwa sababu volti zinazojikusanya kwenye transfoma ya kutolea sauti huweza kuichoma.
3. Shusha vitufe vyote vya sauti hadi sifuri, uwashe, na kama kuna swichi ya kusubiri, ngoja dakika moja kabla ya kuifungua.
4. Soma milivolti. Katika probu nyingi zenye rezista ya omu 1, milivolti 1 ni sawa na miliampea 1. Maelezo ya probu yako yathibitishe hilo.
5. Zungusha skrubu kidogo sana, robo ya mzunguko au chini yake, utazame namba. Ikishuka, huo ndio upande wa baridi. Endelea hadi namba isishuke tena.

Chora mshale daftarini unaoonyesha upande huo. Zima, chomoa, uache ipoe kwa nusu saa.

Valvu moja ya zamani ikiwa imekufa kabisa au inawiva nyekundu, usiiwashe kwa ajili ya kipimo hiki. Mwulize mtengenezaji upande wa baridi, au mpelekee fundi.

## Hatua ya 8: Weka valvu mpya

Shika valvu kwenye kitako chake, si kwenye kioo, uitikisetikise kwa upole huku ukiivuta wima. Valvu kubwa zina pini nane na kijiti cha katikati chenye ukingo mmoja, na ukingo huo lazima uingie kwenye mkato wa soketi. Usilazimishe. Kijiti kikivunjika valvu inaweza kuingia ikiwa imegeuka, na volti za anodi zikafika mahali zisipostahili.

Andika namba ya soketi na jina la valvu iliyomo. Usibadilishe aina kwa kuwa pini zinafanana: 6L6 inaingia vizuri kwenye soketi ya 6V6, lakini inavuta mkondo mkubwa zaidi wa kupasha joto, ambao transfoma ya ampu ndogo huenda haikuundiwa.

Washa kama ilivyoelezwa katika hatua ya 7, probu na spika zikiwa mahali pake, mkono ukiwa karibu na swichi na macho yakiwa kwenye valvu. Rangi ya chungwa katikati ni ya kawaida. Mng'ao wa samawati unaocheza kwenye kioo nao ni wa kawaida. Anodi, yaani lile bamba la kijivu, likianza kuwa jekundu, zima papo hapo bila kusubiri kuona kama litatulia.

Utajua umefaulu baada ya dakika tano za utulivu, spika ikitoa mvumo mdogo tu, na, kwa ampu yenye skrubu, kila valvu ikisoma mkondo ulio chini ya lengo lako.

## Hatua ya 9: Fikia lengo, ngoja, kisha pima tena

Kwa ampu yenye skrubu, zungusha kinyume na mshale wako, kidogo kidogo, ukingoja sekunde 20 kila mara. Simama ukiwa umebakisha miliampea 3 au 4. Iache ampu iwake dakika 20, kwani mkondo hupanda valvu zinapokolea joto, ndipo umalizie.

Soma mita ya ukutani wakati huo huo. Ukipima mchana ukuta ukiwa 236 huku lengo lako likiwa limekokotolewa kwa 252, usipandishe hadi lengo kamili. Baki miliampea 2 au 3 chini yake, kisha rudi usiku volti zikiwa juu uhakikishe hujalipita.

Valvu za jozi moja zikitofautiana kwa miliampea 2 au 3, inakubalika. Zikitofautiana kwa 6 au zaidi, zibadilishane soketi. Tofauti ikiihama soketi na kuifuata valvu, muuzaji hakuzilinganisha vizuri, nawe una haki ya kuzirudisha. Ikibaki kwenye soketi ile ile, tatizo ni la ampu.

Kwa ampu ya kujipangia, ambayo haina skrubu, kazi yako ni kusoma na kulinganisha tu, kwa maana mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyechagua mkondo wake, na mara nyingi huwa juu ya asilimia 70. Jozi zikikaribiana na hakuna bamba linalowiva jekundu, umemaliza.

Zima, iache ipoe, toa probu, rudisha valvu mahali pake. Kisha piga kwa saa nzima, kwa sauti utakayoitumia jukwaani. Baada ya saa kumi za kupiga, pima mara moja zaidi, kwa sababu valvu mpya hubadilika kidogo mwanzoni.

## Ukiwa bado hujalipia oda

Yote haya yanarahisika mno ukimwandikia mtengenezaji barua nzuri kabla hajaanza kuunda, na kwa mtu ambaye bado hajatuma pesa, hapa ndipo ningeomba atumie nguvu zake zaidi ya kwenye rangi ya kitambaa au aina ya ngozi ya mpini.

Mwambie ampu itaishi Nairobi, kwenye volti 240 na hezi 50, na kwamba usiku ukuta wako hufika namba uliyoiandika daftarini. Omba transfoma ya umeme yenye njia ya volti 240 yenyewe, si ya 220, kwa kuwa ampu iliyoundiwa 220 inayowekwa kwenye 250 tayari imezidishiwa karibu asilimia 14. Omba skrubu ya bayasi na vitundu vya kupimia viwe nyuma, nje ya sanduku, vikiwa na rezista ya omu 1 kwa kila valvu. Omba mchoro wa saketi wenye volti zilizopimwa zikiandikwa juu yake, pamoja na volti za ukutani alizozitumia alipokuwa akipima. Na umwombe akutumie fyuzi tano za akiba ndani ya sanduku lile lile, zikiwa na kipimo cha volti 240.